Wimbo wenye msimu wake: kwa nini muziki hutuletea tuliowapenda na tuliowapoteza

Kila Desemba inapoingia, Uganda humsikia tena Philly Lutaaya. Anasikika madukani Kampala, kwenye taksi za kwenda Masaka, kwenye spika za saluni za Arua na Mbale. Nyimbo kama "Zuukuka" na "Tumusinze" hupigwa mwezi mzima, Krismasi ikipita zinanyamaza. Ukizipiga mwezi wa sita, watu watakuuliza kama u mzima.

Lutaaya mwenyewe alifariki mwezi huohuo wa Desemba, tarehe 15, mwaka 1989. Mapema mwaka ule alikuwa ametangaza hadharani kwamba ana Ukimwi, wa kwanza miongoni mwa watu mashuhuri wa Uganda kufanya hivyo, na nguvu zilizombakia alizitumia kuzunguka shuleni na makanisani akiwaambia vijana ukweli. Wakati ule ugonjwa ulikuwa unamaliza nyumba baada ya nyumba, Rakai na Masaka hasa, na wengi hawakuthubutu kuutaja kwa sauti.

Kwa hiyo leo hii watu wawili wanaweza kusimama katika duka moja wakisikiliza wimbo mmoja, kila mtu akasikia lake. Kijana wa miaka ishirini anasikia sikukuu: kuku, nguo mpya, safari ya kwenda kijijini. Mama aliyekuwa binti mwaka 1988 anamsikia mchumba aliyekuja kusalimia ukweni na kitenge mkononi, akacheza uani na wadogo zake, na Krismasi mbili baadaye akawa amezikwa. Ala ni zilezile, mwimbaji ni yuleyule. Tofauti yote iko katika kile ambacho wimbo ulikikuta kwa kila mmoja wao ulipomfikia mara ya kwanza.

Jambo hili wengi tunaliishi bila kulielewa, na kwa kutolielewa tunawatendea vibaya wafiwa, wazee, hata nyimbo zenyewe. Nitajaribu kulifafanua kwa yale yaliyothibitishwa na watafiti na kwa yale tunayoyaona hapa kwetu. Nitangulize kabisa ninachoamini: wimbo hupata nguvu ya kumrudisha mtu kwa sababu ulikuwa na mpaka. Ulikuwa wa msimu fulani, wa mahali fulani, wa watu fulani. Mpaka ukiondoka, nguvu nayo hupungua.

Kinachotokea kichwani

Sauti ikishaingia sikioni hugeuzwa kuwa ishara za umeme na kupelekwa kwenye sehemu ya ubongo iliyo ubavuni, juu kidogo ya sikio. Ndani zaidi ya ubavu huohuo kuna viungo viwili vilivyokaa bega kwa bega. Kimoja ni hipokampasi, ambacho kazi yake ni kukusanya vipande vya tukio (mahali, wakati, nani alikuwepo, harufu gani ilikuwa hewani) na kuvifunga kuwa furushi moja. Kingine ni amigdala, kinachopima uzito wa jambo: lina hatari, lina furaha, linanihusu au halinihusu. Likionekana zito, mwili humwaga adrenalini na kotisoli, na amigdala huisukuma hipokampasi ifunge furushi lake kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana unaikumbuka siku uliyopigiwa simu ya msiba hadi shati ulilokuwa umevaa, lakini ya Jumanne iliyotangulia huna habari nayo.

Kama kulikuwa na wimbo ukipigwa saa ile, nao huingia furushini. Miaka ikipita, ukiusikia, ubongo haufungui kipande hicho peke yake. Unavuta vyote.

Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis aliwalaza vijana kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo na kuwasikilizisha nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 8 hadi 18. Kila wimbo ulipoamsha kumbukumbu ya maisha yao, kulikuwa na sehemu moja iliyoshughulika zaidi, nyuma ya paji la uso, katikati. Sehemu hiyo ilikuwa inafuata mwendo wa sauti za wimbo zinavyopanda na kushuka, na hapohapo inashughulikia mambo yanayomhusu mtu binafsi. Kwa maneno mengine, muziki na simulizi ya maisha yako vina mahali vinapokutana. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa walilinganisha kumbukumbu zilizoamshwa na nyimbo na zile zilizoamshwa na picha za nyuso za watu maarufu. Zilizoletwa na nyimbo zilikuwa na mambo mengi zaidi ya kuonekana na kusikika. Mtu hakusema tu "nilikuwa nasoma sekondari". Aliona uwanja, akaona nani amesimama wapi.

Kuna njia nyingine ambayo muziki huitumia, na hii inapita mwilini. Mapigo ya ngoma na mpangilio wa nyimbo tulizozizoea hushikwa pia na sehemu za ubongo zinazoongoza misuli, zilezile zinazokuwezesha kuendesha baiskeli bila kufikiri. Mfano unaojulikana sana ni wa Clive Wearing, mwanamuziki wa Uingereza ambaye mwaka 1985 virusi viliuvamia ubongo wake na kuiharibu hipokampasi. Tangu hapo hawezi kushika jambo jipya kwa zaidi ya nusu dakika. Mkewe akitoka chumbani na kurudi, humpokea kama mtu ambaye hajamwona miaka mingi. Lakini kwamba anampenda anajua, na akikalishwa mbele ya piano vidole vinapiga. Mambo mengi yaliyo kati ya hayo mawili yalifutika.

Sasa, mtu anaweza kufikiri kwamba kila wimbo ni mlango. Sivyo. Katika utafiti mwingine wa Janata, wa mwaka 2007, ni takriban nyimbo 3 kati ya 10 zilizoamsha kumbukumbu yoyote ya maisha ya msikilizaji, ingawa zote zilikuwa zimevuma ujanani mwake. Saba zilipita kama upepo. Kwa hiyo swali lenye uzito ni hili: kwa nini hizo tatu?

Wa asubuhi ndio wanaonipata

Watu wengi watajibu haraka kwamba ni maneno ya wimbo. Wimbo wa mapenzi hukumbusha mapenzi, wa msiba hukumbusha msiba. Nikae kidogo hapa, kwa sababu jibu hilo ndilo linalotupotosha.

Kwetu Bombo, kaskazini mwa Kampala, kambi ya jeshi na mji vimekua pamoja. Wanubi wameishi hapa vizazi kadhaa, na Kiswahili tumekirithi kutoka pande zote mbili, kambini na sokoni. Jirani yetu mmoja, Hajati, aliolewa na sajenti na kuishi naye kambini miaka mingi. Alfajiri askari hutoka mchakamchaka wakiimba kwa Kiswahili: mmoja anaanzisha, kundi linaitikia, buti zinapiga lami kwa pamoja. Marehemu mumewe alikuwa na sauti nzito, na mara nyingi ndiye aliyeanzisha. Alipofariki, Hajati alihama kambini akapanga vyumba viwili ng'ambo ya barabara, mahali ambapo sauti bado inafika.

Asubuhi moja nilipita kwake nikamkuta barazani, sufuria ya uji jikoni inatokota, mwiko ameushika juu, hakorogi. Nikamsalimia, "Asalaam aleikum, Hajati." Akaitikia kwa sauti ya chini, akaongeza, "Ngoja wapite kwanza, mwanangu." Wakapita. Uji ulikuwa umeanza kushika chini. Akakoroga, akanimiminia kikombe, na baadaye sana, tukiwa tunaongea mengine, akasema: "Watu wakiniona nimenyamaza kwenye taarabu ya harusini wanadhani namkumbuka marehemu. Taarabu hainipati. Hawa wa asubuhi ndio wanaonipata."

Nyimbo za mchakamchaka hazina mapenzi hata chembe. Ni za kuwatania wavivu, kumsifu kamanda, kuhimizana mwendo. Lakini kwa Hajati ndizo zilizokuwa zikipigwa huku kitanda upande wa pili kikiwa bado na joto. Maneno ya wimbo huchangia, sikatai, hasa pale mtu anapotafuta kuelezwa yanayomsibu. Ila kinachoufunga wimbo na mtu ni mazingira ulimokuwemo, na mazingira hayaulizi wimbo unasema nini. Hili ni muhimu kulijua kabla ya kumwandalia mfiwa "nyimbo za kumfariji", au kabla ya kumshangaa mtu anayelia kwenye tangazo la sabuni.

Jambo la pili ni umri. Watu wazima wakiulizwa mambo ya maisha yao wanayoyakumbuka zaidi, mengi huangukia kati ya miaka 10 na 30, na kwa muziki huwa mapema zaidi, miaka ya ujana wa kwanza. Ndipo mtu anapopenda kwa mara ya kwanza, anapoondoka nyumbani kwa mara ya kwanza, na mara nyingi anapozika rafiki wa rika lake kwa mara ya kwanza. Ubongo nao bado unakua, na homoni hazijatulia. Waganda waliokuwa sekondari au chuoni kuanzia mwaka 2008 hivi walipendana huku wanamuziki wawili, Radio na Weasel, wakipigwa kila kona. Mowzey Radio alipofariki tarehe 1 Februari 2018, baada ya kuumizwa katika ugomvi mjini Entebbe, kizazi hicho kilimlilia kwa namna ambayo wazazi hawakuielewa. Wengi hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Walikuwa wanazika pia barua za darasani, dansi za shule, msichana wa bweni la pili aliyeolewa na mwingine.

Kwa waliohama makwao kuna nyongeza. Kumbukumbu zao hujaa pia kuuzunguka mwaka wa kuhama, hata kama ujana ulikwisha pita. Ukienda Nakivale au Kyaka II, makazi ya wakimbizi hapa Uganda ambako Wakongo wengi wanaongea Kiswahili, utamkuta mzee ambaye rumba inayomtoa machozi si ile aliyochumbia nayo. Ni ile iliyokuwa redioni wiki waliyofunga mizigo.

Na nyimbo hurithiwa. Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell na mwenzake waligundua mwaka 2013 kwamba vijana wa miaka ishirini walikuwa na kumbukumbu na hisia nzito kwa nyimbo zilizovuma kabla hawajazaliwa, wazazi wao walipokuwa vijana. Hakuna atakayeshangaa katika nyumba ambayo baba alifungulia rumba ya Franco kila Jumapili mchana akipiga pasi mashati ya wiki. Mtoto hajui neno la Kilingala, lakini siku baba hayupo, gita likianza tu anainusa pasi ya mkaa.

Jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni upekee. Wimbo ulioambatana na kipindi kimoja tu cha maisha huelekeza mahali pamoja. Uliopigwa kila mahali huelekeza mahali mia, na ubongo unashindwa kuchagua. Angalia kadodi, ngoma ya Wamasaba. Asili yake ni msimu wa imbalu, tohara ya vijana, ambayo hufanyika kila baada ya mwaka mmoja, miaka inayogawanyika kwa mbili. Mzee wa Mbale akiisikia damu inamwenda mbio, anawaona wenzake waliosimama naye siku ile, na wale ambao leo hawapo. Lakini siku hizi kadodi hukodiwa kwa mikutano ya kampeni, kwa harusi, kwa uzinduzi wa bidhaa Kampala. Kijana wa Kimasaba aliyekulia mjini anaicheza vizuri kuliko mzee, na haimkumbushi mtu yeyote.

Sisemi kwamba wimbo wa kila mahali hauna kazi. "Tukutendereza Yesu", wimbo wa uamsho wa Walokole uliosambaa Afrika Mashariki yote, umeimbwa makaburini, harusini na mikutanoni kwa miongo mingi sana hivi kwamba haumleti mfu mmoja. Unaleta umati. Mjane akiuimba kaburini anasimama na wote waliowahi kuusimamia wimbo ule, na pengine siku ya kwanza ya ujane hicho ndicho anachokihitaji kuliko sura ya mumewe.

Kwa nini unauma, kisha unakuwa mtamu

Anayempoteza mtu huambiwa na wenzake "sikiliza muziki utulie". Miezi ya kwanza ushauri huo unaweza kuwa mateso.

Mwaka 2011 watafiti wa Montreal, Kanada, walipima dopamini kwa watu waliokuwa wakisikiliza muziki waupendao hadi kusisimkwa. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na kuridhika, ilitoka kwa hatua mbili: sekunde chache kabla ya ile sehemu tamu, msikilizaji akiitazamia, na tena sehemu yenyewe ilipofika, safari hii katika kijisehemu kinachoitwa nukliasi akumbensi. Mwaka 2008, huko California, Mary-Frances O'Connor na wenzake walikuwa wamewachunguza wanawake 23 waliofiwa na mama au dada kwa saratani ya matiti. Walipoonyeshwa picha na maneno yanayomhusu marehemu, wote walionyesha dalili za maumivu ubongoni. Wale ambao huzuni yao ilikuwa imegoma kupungua walionyesha na jambo jingine: ile nukliasi akumbensi nayo iliamka. Ubongo wao ulikuwa bado unamngoja mtu aje.

Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, naona kwa nini wimbo hukata kuliko picha. Picha imesimama. Wimbo unakwenda mbele, na kwenda kwake ni kutazamia: kibwagizo kinakuja, sauti ya pili inaingia sasa, hapa ndipo alipozoea kunishika mkono. Kila sekunde ubongo unaahidiwa kitu. Kibwagizo kinafika kweli, kama siku zote. Mkono haufiki.

Baadaye mambo hubadilika kwa walio wengi. Mwaka 2014 Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwahoji watu 772 kutoka nchi mbalimbali kuhusu muziki wa huzuni. Hisia iliyotajwa zaidi haikuwa huzuni yenyewe bali ile hamu ya mambo yaliyopita, yenye uchungu na utamu kwa pamoja. Mpenzi wa kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa gita na masimulizi, analijua hili bila utafiti. Paul Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, aliuimba "Walumbe Zaaya" kuhusu kifo, gita na simulizi ndefu isiyo na haraka, na watu wanakaa nao hadi mwisho bila kuuzima. Huzuni iliyoimbwa na mwingine unaweza kuikaribia bila kuungua.

Mabadiliko hayo yana utaratibu wake. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake, wakifanya majaribio kwa panya, walionyesha kwamba kumbukumbu iliyokwisha kukaa, ikiamshwa, hulegea kwa muda na lazima ifungwe upya. Ikilegea inaweza kubadilishwa. Kwa binadamu mambo ni tata zaidi, lakini sura yake ni hiyohiyo: unapokumbuka huwi unasoma maandishi yaliyochongwa jiweni, unayaandika tena. Mama yetu wa mwaka 1988 haisikii Krismasi ile kama ilivyokuwa. Anaisikia ikiwa na kaburi ndani yake, kwa sababu kila Desemba tangu hapo ameifungua na kuifunga akijua kilichofuata. Wimbo wa uchumba uligeuka wimbo wa msiba bila sauti hata moja kubadilika. Kwa njia hiyohiyo unaweza kugeuka tena, taratibu, akiusikiliza huku akiwaeleza wajukuu jinsi kijana yule alivyocheza uani.

Mila zilijua kuweka mpaka

Nikiyaangalia matambiko yetu ya msiba kwa macho haya, naona busara ambayo siku hizi tunaiita kupoteza muda. Kwa Waganda wa Buganda, siku ya maziko si siku ya engalabi. Ngoma hiyo ndefu inangojwa hadi okwabya olumbe, sherehe ya kuondoa msiba na kumsimika mrithi, ambayo yaweza kufanyika miezi au hata miaka baadaye. Inapigwa usiku kucha, watu wanakula, wanacheza, wanalia, na kukipambazuka nyumba ina mwenyewe mpya. Mlio wa engalabi katika mazingira yale unabeba jambo moja lililo wazi: tumemlilia, sasa tunasonga.

Waacholi nao hutenganisha maziko na karamu ya baadaye, guru lyel, ambayo ndiyo yenye dansi na nyimbo zake za maombolezo. Okot p'Bitek alikusanya nyingi katika kitabu chake cha mwaka 1974, Horn of My Love, pamoja na zile za uchumba. Mwimbaji wa maombolezo haya anakitukana kifo waziwazi, anakilaumu, anakitaka watoke wapigane. Miaka ya vita vya Kony, watu zaidi ya milioni 1 wakiwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, wengi walizikwa harakaharaka pembezoni mwa kambi bila karamu. Amani iliporudi, familia nyingi zilirudi kufukua mifupa na kuipeleka nyumbani, na nyimbo zilizokuwa zikidaiwa zikaimbwa. Mtu wa nje aliona gharama kubwa kwa waliokwisha kufa. Kwa wenyewe, msiba usioimbiwa ulikuwa bado haujafungwa.

Sisi Waislamu wa Bombo hatuna ngoma kwenye maziko. Kuna kisomo. Kisomo si muziki na sitaki kuvichanganya, lakini sikio la mfiwa halitenganishi sana, na sauti ya Yasini ikisomwa chumba cha pili inamrudisha mtu kwenye usiku ule hasa aliokesha na mgonjwa.

Mila zote hizi, zikitofautiana kwa kila kitu, zinakubaliana kwenye jambo moja: sauti za msiba zina siku zake. Simu imeiondoa siku. Kijana aliyeachwa au kufiwa leo anao wimbo mfukoni saa zote, anaurudia kwenye bodaboda, kazini, kitandani, mpaka moja kati ya mambo mawili litokee: kidonda kinachokunwa kila saa kisipone, au wimbo uchakae, usiwe na mtu tena ndani yake. Nimewaona watu wa aina zote mbili. Rafiki yangu mmoja aliyefiwa na mkewe aliuweka wimbo wao wa harusi uwe mlio wa simu. Kabla mwaka haujaisha wimbo ule ulikuwa unamkumbusha wadai. Hicho nacho ni kifo cha aina yake, na mtu angeweza kumwonya mapema. Wimbo wenye mtu ndani yake uwekewe siku: ya kuzaliwa, ya harusi, ya dua.

Hatari ya upande wa pili ni wimbo kutoweka kabisa. Mwaka 2016 UNESCO iliuweka muziki wa kinubi cha Wamadi wa kaskazini-magharibi kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Kinubi hicho hupigwa harusini, wakati wa mavuno, na kumlilia aliyefariki. Bigwala, tarumbeta za vibuyu za Busoga, zilikwisha kuingia orodha hiyohiyo mwaka 2012, wapigaji wakiwa wamebaki wazee wachache. Chombo kikinyamaza, hatupotezi burudani tu. Kuna watu ambao mlango pekee wa kuwaendea wapendwa wao ulikuwa mlio ule.

Haya yana faida ya haraka majumbani. Wazee wetu wanaishi zaidi kuliko zamani, na wengi wanaanza kusahau. Mwaka 2015 watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazoshika nyimbo za zamani ni miongoni mwa zinazochelewa kuharibiwa na ugonjwa wa Alzheimer. Bibi asiyekumbuka jina la mwanawe anaweza kuimba beti zote za wimbo wa shule. Hautamponya, lakini unaweza kumtuliza, na kwa dakika chache ukampata.

Ila uwe wimbo wake. Redio inayopiga chochote siku nzima haisaidii. Kama alizaliwa mwaka 1948, tafuta zilizovuma kati ya mwaka 1958 na 1975: Elly Wamala, Fred Masagazi, rumba ya Kongo ya miaka ile. Uliza alisali wapi, alisoma wapi, mume alikuwa kazi gani, walihamia wapi na mwaka gani. Kama alikuwa mke wa askari, usisahau mchakamchaka. Kama bado ana akili zake timamu, muulize mwenyewe leo, uandike kwenye daftari: wimbo, mwaka, na alikuwa na nani. Akikataa kuutaja mmoja kati yao, mwachie huo.